Naomba ushauri: kadi ya mkopo yenye dhamana kwa mwanafunzi, Kampala

Ndugu zangu, mwanafunzi wa Makerere asiye na mshahara anataka kadi yake ya kwanza ya mkopo. Dhamana ni shilingi 1,000,000 zitakazofungiwa benki kama amana. Benki ipi itampa kikomo cha matumizi kinachokaribia amana yote, na amana hiyo inazaa riba au inalala tu? Je, malipo yake yataripotiwa kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu ya Uganda? Yasiporipotiwa, hayatamjengea historia ya mikopo, basi sioni faida; heri kadi ya kawaida ya akaunti (debit).

Kutoa taslimu kwenye ATM hapana, riba huanza siku hiyohiyo. Kinachotatiza zaidi ni dola: akilipia ada ya mtihani ng'ambo, benki inakata asilimia ngapi juu ya bei ya kubadilisha? Akifunga kadi, amana hurudi lini?