Mjadala: Vichwa vya treni vya mvuke vibaki na herufi za EAR&H, au vipakwe nembo za leo?

Wadau, kila likizuka suala la kukarabati vichwa vya zamani, hawakosekani wanaotaka herufi zile za EAR&H (East African Railways and Harbours, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki) zifutwe kwa kuwa ni za mkoloni. Napinga kabisa.

Chukueni ile H peke yake, ya Harbours, yaani bandari. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na za Tanganyika, bandari zikawa humohumo, ndipo ikaja EAR&H. Mwaka 1967 Kenyatta, Nyerere na Obote wakatia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Kampala. Bandari zikapata shirika lake, makao yake Dar es Salaam, reli zikabaki Nairobi. Kufikia 1969 H imeondoka. Walioiondoa ni sisi wenyewe, tukiwa huru. Ukipaka rangi juu ya herufi hizo, unafuta na uamuzi huo.

Halafu kuna vibao vya majina. Makumbusho ya reli Nairobi kipo kichwa 5918, rangi ya damu ya mzee, mojawapo ya vile 34 vya daraja la 59 vilivyoundwa na Beyer Peacock, Manchester, kila kimoja zaidi ya tani 250. Kinaitwa Mount Gelai. Mwenzake 5930 ni Mount Shengena. Gelai uko kando ya Ziwa Natron, Shengena ni kilele cha Upare Kusini. Milima ya Tanzania, chuma kiko Kenya!

— Basi virudi kwetu, mkuu. Milima yetu, vibao vyetu.

— Mimi kinachoniudhi ni hilo "Mount". Waingereza waliandika kwa lugha yao, nasi tuendelee kulitunza?

Ndugu wa kwanza, vichwa hivyo vilipandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kazi yao ilikuwa huko, na utamu wenyewe ndio huo: dereva wa Kenya akiendesha mlima wa Tanzania, na hakuna aliyeona ajabu. Kuvihamisha ni kuivunja Jumuiya mara ya pili, baada ya kuvunjika 1977.

Wa pili, kwenye lugha una haki. Lakini usibandue kitu. Chini ya kibao cha zamani kiwekwe kingine, kwa Kiswahili, kiseme Gelai ni mlima gani na uko wapi. Mtoto wa Longido akifika Nairobi auone mlima wa kwao.

— Hapo kwenye kibao cha Kiswahili nakubali. Kwenye kurudisha, bado.