Kupunguza wazoefu kazini: kampuni inaokoa au inajichoma?

Wadau wa Arusha, tujadili hili. Kiwanda kimoja hapa Unga Limited, jina tuliache, kilipunguza watu mwaka jana. Mimi nilikuwa stoo. Orodha ilipangwa kwa mshahara, wa juu wakatangulia, na wa juu ndio hao waliokaa miaka mingi.

Akaondoka fundi mitambo mmoja, miaka 22 kazini. Kila asubuhi kabla mashine hazijapamba moto, mzee aligusisha ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha beringi, mpini sikioni, macho kafumba. "Hii inalia. Ibadilisheni Jumamosi." Hakuna daftari lililoandika hayo. Miezi mitatu baadaye beringi ikakwama, ikaila shafti, mashine ikalala siku nne. Meneja akampigia simu. Mzee akaja kama kibarua, akataja bei yake ya siku, wakalipa bila kupunguza hata mia. Vocha ya malipo niliandika mimi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, ila hesabu inakomea miaka 10. Siku 70 basi. Ile miaka 12 ya juu yake haina bei. Ndiyo maana kwenye karatasi ya mhasibu mzee anaonekana rahisi kumtoa.

Kule Marekani, Circuit City waliokuwa wakiuza vifaa vya elektroniki walifukuza wauzaji 3,400 mwaka 2007 kwa kosa la kulipwa vizuri. Machi 2009 maduka yakafungwa.

— Mleta mada, unaongea ukiwa stoo. Mimi nina magari ya safari. 2020 korona ilipozuia wageni nilikuwa na madereva tisa na simu haiiti. Ningewalipa nini, mawe? Halafu hao Circuit City walibanwa na washindani, na mtikisiko wa uchumi wa 2008 ukawamalizia. Usiseme ni kule kufukuza wauzaji peke yake.

— Hapo kwa Wamarekani nimekuelewa, mkuu. Na kupunguza mwaka ule hakuna wa kukulaumu. Ninachouliza ni nani anachagua, na kwa kipimo gani. Kifungu cha 38 cha sheria ile ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, ashauriane na watu hata juu ya namna ya kuwachagua wanaotoka. Sisi tuliitwa Ijumaa saa tisa alasiri, barua zimeshasainiwa. Wewe uliwaita madereva wako?

— Niliwaita. Tulikaa gereji, Njiro, juu ya matairi. Wenyewe wakasema nusu mshahara kwa wote. Wawili hawakuafiki, wakaenda kulima vitunguu Mang'ola. Saba ninao hadi leo. Ila nikuambie ukweli, mmoja wa wale wawili bado namtafuta. Ndiye aliyekuwa anajua pa kupita kwenda Ziwa Natron mvua ikinyesha.