Tupeane uzoefu: kamera ya video kwa laki 5, Moshi na Arusha

Mjukuu wa Kibosho (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu, shikamoo kwa wanaostahili.

Bibi yangu yuko Kibosho. Umri umeenda ila kichwa bado kizima kabisa. Anajua mfongo wetu (mfereji wa maji) ulichimbwa na ukoo gani, zamu za maji zilipangwaje, nani kazikwa upande gani wa kihamba, shamba letu la nyumbani. Kila Desemba tukipanda nyumbani tunakaa naye jiko la nje anasimulia, kisha Januari tunatawanyika na yale maneno yanabaki hewani. Mwaka jana nilijaribu kumrekodi kwa simu. Picha ikatoka nyeusi, na sauti ikawa ya kuni zinazopasuka na kuku. Yeye mwenyewe anasikika kama yuko chumba cha pili. Dakika ya 14 simu ikajaa.

Nimejinyima mpaka nimefikisha laki 5. Nataka kamera ya video, ile ya kushika kiganjani yenye kioo cha kufungua pembeni. Nimezunguka maduka ya mjini Moshi na kila muuzaji anasifia ya kwake. Moja imeandikwa zuumu 1140, nyingine 350, nyingine haina jina ninalolijua lakini imeandikwa 4K (eti picha ya ubora wa juu sana) na inauzwa laki na nusu. Sijui nishike lipi. Aliyewahi kununua kwa hela ya kuungaunga naomba aseme alinunua nini, kilimfaa kwa lipi, alijutia nini.

Video za Sakina

Karibu mkuu. Nashuti harusi na vipaimara hapa Arusha mwaka wa 12 huu, na nilianza na bajeti ndogo kuliko yako. Kitu ambacho ningeambiwa mapema ningeokoa mengi ni hiki: anza na sauti, picha ifuate.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa na picha safi tu, lakini haikuwa na tundu la maiki. Sikuona tatizo, maana maiki ya ndani ilikuwepo. Nikapewa send-off moja maeneo ya Ngarenaro. Umeme ukakatika, wakawasha jenereta nyuma ya ukumbi. Baba wa binti akasimama kutoa baraka, mzee mpole, hakutaka maiki ya MC, akaongea taratibu akiwa amemshika mwanaye mkono. Mimi nilikuwa hatua 6 kutoka alipo. Nyumbani nafungua, jenereta inanguruma mwanzo mwisho na mdomo wa mzee unacheza tu. Mwaka uliofuata yule mzee alifariki. Binti alinipigia akiuliza kama naweza kuisafisha ile sauti. Nilikaa nayo siku 3 kwenye kompyuta, haikutoka hata sentensi moja. Mpaka leo nikiingia kwenye ukumbi wenye jenereta namkumbuka.

Kwa hiyo mkuu, kazi yako ni ya bibi kuongea. Ukifika dukani usiulize zuumu kwanza. Geuza kamera, fungua vile vifuniko vya pembeni, tafuta tundu dogo kama la earphone lililochorwa alama ya maiki. Kama lipo na la kusikilizia pia lipo, hapo ndipo muanze kuongea bei. Mfano kwenye zile ndogo mnazoziona sana: Canon Legria HF R806 ina yote mawili. Sony HDR-CX405 ya mwaka 2015 haina tundu la kawaida la maiki, ila ni nyepesi, ina waya wa kuchajia uliojengewa kwenye mkanda wa mkono, na wengi wanaifurahia kwa kazi zisizotegemea sauti ya karibu.

Zuumu sasa. Kuna zuumu inayofanywa na vioo vya lenzi na kuna zuumu ya kidijitali, ambayo ni kukata kipande cha picha na kukivuta kijae kioo. Hiyo 1140 ya Canon na hiyo 350 ya Sony ndiyo ya kuvuta. Zuumu ya lenzi kwenye kamera hizo mbili ni mara 32 na mara 30, basi, karibu sawa. Na bibi yako atakuwa mita 2 mbele yako, hata mara 5 hutaifikisha.

Kingine ni giza. Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga kwenye hizi kamera ndogo ni kidogo mno, kinakaribiana na cha simu. Jiko la nje lenye moshi litatoka chengachenga kwa kamera yoyote ya laki 5. Mtoe bibi mlangoni, akae uso ukitazama nje, wewe ukae upande wa mwanga. Mwanga wa saa 4 asubuhi hauuzwi.

Kwaya Tengeru

Nafuatilia uzi huu kwa karibu. Mimi nina laki 3 na nusu, ni ya kurekodi kwaya ya usharika.

Video za Sakina

@Kwaya Tengeru, ndugu yangu, toa elfu 60 mpaka 80 humo ununue stendi ya miguu mitatu iliyo nzito. Kwaya inataka kamera itulie sehemu moja. Mkono ukichoka ubeti wa pili, watazamaji wote wanajua.

Dada wa Njiro

Mimi naomba niseme kuhusu kamera za mtumba zinazotoka Japani, maana zinavutia sana kwa bei.

Nilinunua moja kwa laki 2 na elfu 80, safi, haina hata mkwaruzo. Ilikuwa ya kurekodia mafunzo ya kikundi chetu cha akina mama wa batiki. Kufika nyumbani menyu yote ni Kijapani. Nikasema nitabadilisha lugha. Nimetafuta usiku kucha, lugha nyingine haimo kabisa, maana zile zilizotengenezwa kwa soko la kwao nyingi huwekewa Kijapani peke yake. Nikajifunza kwa kukariri: alama ya tatu kutoka juu, bonyeza, ya pili, bonyeza. Siku nikigusa pasipo hapo, narudi mwanzo.

Hilo nililizoea. Lililonishinda ni taa. Darasa letu lina taa za tyubu, na kila nikirekodi, picha inapiga mawimbi ya mwanga na giza, inachosha macho. Fundi mmoja ndiye aliyenifungua masikio. Umeme wetu ni wa hezi 50, Japani na Marekani kamera zao zimepangwa kwa picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo taa na kamera haziendi pamoja. Zenye kuruhusu kupanga kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) unaweka 1/100 ya sekunde na mawimbi yanapungua au yanaisha. Yangu haikuruhusu. Sasa tunarekodi chini ya mwembe, na kwa kweli rangi za vitambaa zinatoka nzuri kuliko ndani. Lakini mleta mada, muulize muuzaji kama ni PAL (mfumo wa 50, unaoendana na umeme wetu) au NTSC (wa 60, wa Japani na Marekani), kisha usimwamini, fungua menyu uone mwenyewe. Ukiona 50p au 50i upo salama. Ukiona 60, jiulize utarekodi chini ya taa gani.

Mzee wa Majengo

Vijana, nawasalimu. Nimeshuti Moshi hii tangu enzi za kamera ya begani na mikanda. Nasema moja tu: msinunue kamera ya mkanda mdogo wa MiniDV hata wakiwauzia bei ya kutupa. Mkanda mmoja ni dakika 60, kuuhamishia kwenye kompyuta ni dakika 60 nyingine, na unahitaji tundu la FireWire ambalo laptopu za siku hizi hazina. Mikanda mipya ni ya kutafuta kwa tochi. Ninayo masanduku mawili ya harusi za watu humu ndani, na kamera ya kuisomea imebaki moja, naitunza kama mboni ya jicho. Mwenye harusi yake ya miaka ile aje mapema, kamera hii ikifa sijui tutafanyaje.

Baba Kipaimara

Shikamoo mzee.

Langu ni la memori kadi. Mwanangu alipata kipaimara, nikaazima kamera nzuri kwa shemeji, nikanunua kadi ya GB 64 mtaani kwa elfu 12. Nilirekodi ibada yote, nyumbani nikarekodi ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) inaingia, wajomba wakitoa zawadi. Kioo cha kamera kilionyesha kila kitu kinaenda sawa. Jioni tunafungua: ibada ipo mpaka kufikia komunio, baada ya hapo mafaili yana majina lakini hayafunguki. Kadi ilikuwa ya GB 8 iliyodanganywa ijiite 64. Ikijaa haisemi, inaendelea kupokea na kumwaga.

Tangu siku hiyo kadi mpya naijaza yote kwanza kwenye kompyuta, halafu naifungua faili la mwisho. Ipo programu ya bure ya H2testw inafanya kazi hiyo. Inachukua muda, lakini kipaimara hakirudiwi. Na kwa hesabu ya haraka, AVCHD (mfumo wa kuhifadhi video kwenye kamera hizi) ya ubora wa juu inakula kama GB 11 hadi 13 kwa saa moja, kwa hiyo GB 32 halisi inakupa saa 2 na nusu hivi. Inatosha sana.

Njia ya Marangu

Mimi ni mwongoza watalii. Kamera yangu niliinunua kwa mgeni aliyekuwa anaondoka, laki 4, na betri mbili. Walio huku watapata hizo nafasi, ni vizuri kuuliza kwa heshima safari ikiisha.

Juu ya Kilimanjaro kuna baridi inayoua betri. Usiku wa kuelekea kileleni kutoka kambi ya Kibo, betri iliyoonyesha dakika 90 inazima baada ya picha chache. Haijafa. Itoe, iweke mfuko wa ndani karibu na kifua, baada ya muda inarudi. Mimi betri ya pili hailali nje ya sweta. Pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, nimewarekodi wengi wakilia kwa furaha kwa sababu tu betri ilikuwa na joto. Ukishuka, usiitoe kamera kwenye begi mara moja ndani ya nyumba yenye joto. Iache humohumo saa nzima, la sivyo lenzi inatoa jasho kwa ndani.

Fundi wa Kaloleni

Naongezea kwa ajili ya anayenunua iliyotumika, maana ndizo zinazoletwa mezani kwangu.

Nenda na kadi yako na earphone zako. Washa tochi ya simu, mulika lenzi kwa ubavu, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, achana nayo hata kama anashusha bei. Fungua na kufunga kile kioo cha pembeni mara kumi, kizungushe pole pole. Kama kuna mahali kinazima kisha kinawaka, waya wake mwembamba wa ndani umeanza kukatika, na kuupata mwingine ni kazi. Gusa pembe zote nne za kioo. Tikisa waya wa chaja ukiwa umechomekwa. Kisha nenda kona yenye giza ya duka, rekodi dakika 5 huku unaongea, vuta zuumu mpaka mwisho na kurudi, usikilize kama mota inakwaruza. Vumbi la kiangazi huku kwetu linaingia hapo. Halafu itazame video palepale kwenye laptopu ya muuzaji. Anayekataa ujaribu, muage vizuri uondoke.

Zile za 4K za laki na nusu zisizo na jina nimefungua kadhaa. Lenzi haina zuumu ya kweli, na hiyo 4K ni picha ndogo iliyotanuliwa. Simu ya kawaida inaishinda.

Mjukuu wa Kibosho

Wakuu, nimesoma yote, mengine nimeyaandika kwenye daftari. @Video za Sakina, swali: nikikosa kabisa yenye tundu la maiki, nifanyeje?

Video za Sakina

Tumia simu yako kama kinasa sauti. Chomeka earphone zenye maiki, ile maiki ibane kwenye khanga ya bibi karibu na kifua, simu ikae mapajani inarekodi sauti tu, uiweke hali ya ndege isije ikaita. Kamera nayo irekodi. Mwanzoni piga kofi moja kubwa mbele ya kamera. Wakati wa kuediti unalinganisha lile kofi kwenye picha na kofi kwenye sauti ya simu, vinakaa sawa. Nimefanya hivyo harusi nyingi kabla sijapata maiki ya kubana.

Mjukuu wa Kibosho

Nimerudi na mrejesho.

Jumamosi nilikwenda Arusha na daftari langu. Duka la kwanza walikataa nijaribu, nikaaga. La pili kioo kilizima nilipokizungusha. La tatu nimepata iliyotumika yenye matundu yote mawili, imeandikwa 50p, lenzi safi, kwa laki 3 na elfu 90. Maiki ya kubana yenye waya mrefu elfu 35, kadi elfu 30 na nimeijaza yote nikaisoma, imekubali. Stendi nimeazima kwa rafiki.

Jumapili baada ya misa nikapanda Kibosho. Nikamtoa bibi jikoni, akakaa kwenye kigoda mlangoni, migomba nyuma yangu inampa mwanga wa kijani usoni. Nikambana maiki kwenye khanga, akaishika na kuuliza kama inauma. Tulijaribu dakika 3 tu, akaeleza jinsi mbege ya ukoo ilivyokuwa inapikwa. Nikamvalisha earphone asikilize. Alitulia, akafumba macho, mikono imeshika magoti. Ikaisha, akanirudishia earphone polepole akasema, "Huyu ni mama yangu anaongea."

Betri iko kwenye chaja. Kesho saa 4 tunaanza na habari za mfongo.