Uniti moja ya maji ni lita ngapi?

Swali: Wakuu, bili yangu imeandikwa uniti 14. Mita inasoma 00387 kwa nyeusi, halafu 462 nyekundu. Nisome ipi, na uniti yenyewe ni kiasi gani?

Jibu: Mkuu, uniti ni mita ya ujazo (m³): boksi la mita 1 urefu, upana na kina. Linaingia lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Kilolita ni kitu hichohicho. Kwa hiyo uniti 14 ni ndoo 700.

Nyeusi ni uniti kamili, nyekundu ni lita zilizozidi. Chukua nyeusi za sasa, toa za mwezi uliopita: 387 − 373 = 14. Ukisoma zote kwa mkupuo, 387462, hizo ni lita.

Jibu: Naongeza la uvujaji, maana hapo ndipo pesa inapotea. Usiku funga bomba zote, andika nyekundu. Zikitoka 462 hadi 486 kwa saa 8, unapoteza lita 3 kila saa. Mwezi ni lita 2,160, uniti 2 na ushee! Anza na tenki la choo, boya lake huchoka mapema.

Jibu: Kujua tenki la duara linaingia uniti ngapi: nusu kipenyo mara yenyewe, mara 3.14, mara kimo. Kipenyo mita 1.8, kimo mita 2, unapata m³ 5.09 hivi. Ukipima kwa sentimita, gawa kwa 1,000,000, siyo 100. Wengi hukosea hapo. Maji yaliyo chini ya tundu la kutolea usiyahesabu.