Naombeni ushauri: nataka kujifunza kaligrafi ya kisasa, nianzie wapi?

Binti_Tabata: Wakuu habari zenu. Nataka kujifunza ile miandiko ya kwenye kadi za harusi, herufi zinalala, huku nene huku nyembamba kama uzi. Dada yangu anaolewa na natamani majina kwenye bahasha niandike mimi kwa mkono, maana kadi za siku hizi zote zinafanana. Shida mwandiko wangu sio mzuri kiivyo, halafu mimi ni shoto. Ninunue vifaa kwanza au?

fundi_vibao: Mdogo wangu usinunue kitu kwanza. Na mwandiko usikutishe, hapa huandiki, unachora herufi kipande kwa kipande, unanyanyua kalamu, unapumua, unaendelea. Kanuni ni moja tu, mkono ukipanda unagusa kidogo, ukishuka unakandamiza. Chukua biki ya kawaida andika "Asha" kwa kuachanisha herufi, kisha kila sehemu kalamu iliposhuka chora mstari wa pili pembeni yake ujaze katikati. Angalia hiyo "h", mguu mrefu unanenepa ila pale mkono unapopanda kuanza upinde panabaki pembamba. Fanya hivyo mpaka jicho lizoee lipi linashuka lipi linapanda, vifaa baadae.

Mama_Kadi: Naunga mkono hoja. Ukiwa tayari anza na brashi peni (kalamu yenye ncha kama brashi) ndogo ya ncha ngumu, mfano Tombow Fudenosuke, zile kubwa laini zinasumbua mkono mgeni. Kariakoo pita steshenari uulize, ujaribu ncha kabla ya kulipa. Ila karatasi jamani!! Karatasi ya fotokopi inachakaza ncha mapema sana, tafuta ile laini inayoteleza. Nibu ya kuchovya (ncha ya chuma unayoichovya kwenye wino) ije baadae, aina ya Nikko G inavumilia mkono mzito, ikiwa mpya ioshe kwanza kwa sabuni kwasababu ina mafuta ya kiwandani na wino hautashika.

Binti_Tabata: Asanteni sana! Na ushoto?

Mama_Kadi: Wala sio kikwazo. Zungusha karatasi mpaka upate pozi lako, mkono ukae chini ya mstari usifute wino mbichi. Mashoto wengi kishikio cha nibu kilichonyooka kinawafaa kuliko kile ambacho nibu inakaa pembeni kwa mshazari.

fundi_vibao: Kwenye bahasha piga mistari kwa penseli, kwa wepesi, na jaribu wino kwenye bahasha moja kwanza maana zingine zinanyonya herufi inatawanyika. Ufutio mpaka wino ukauke kabisa.