Mhimili wa wakati: gnuplot, matplotlib, R au Excel?

mwana_wa_pwani
Salaam jamaa. Nina faili la vipimo vya maji ya bandari ya Kilindini, Mombasa, kila dakika 15 kwa siku 30, yaani mistari 2,880. Nataka grafu moja safi ya kupwa na kujaa, bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) yaonekane wazi. Urefu wa maji hauna tabu, ni namba tu. Kinachonitoa jasho ni huu mhimili wa chini, wa tarehe na saa. Excel imenilundikia vipimo vya siku nzima kwenye mstari mmoja wima. Matplotlib ya Python imenipa ukanda mweusi wa maandishi yaliyolaliana. Mwishowe nikapata kitu kinachosomeka, nikamwonyesha ami yangu, mvuvi wa Likoni. Akaitazama, akacheka: "Bamvua lajaa saa saba? Tangu lini? Bamvua hujaa saa kumi." Wenzangu mwatumia programu gani?

fundi_skripti
Kabla ya programu, msikilize ami. Kutoka saa saba hadi saa kumi ni saa 3 kamili, na saa 3 ndizo tulizotangulia UTC, saa ya rejea ya dunia. Faili lako limeandikwa kwa saa za UTC, ndivyo data nyingi za bahari zinavyohifadhiwa, nawe umelichora kama lilivyo. Soma mistari ya juu ya faili, huenda imeandikwa hapo na ukairuka.

mwana_wa_pwani
Wallahi imeandikwa. Mstari wa nne.

binti_takwimu
Basi njoo R, lugha ya takwimu. Soma tarehe kwa as.POSIXct na utaje tz, yaani kanda ya saa, kuwa UTC. Usipoitaja, R itachukua saa za kompyuta yako na kosa litajificha. Kisha kwenye ggplot2, kifurushi chake cha grafu, tumia scale_x_datetime: date_breaks iwe "6 hours", date_labels iwe "%H:%M" (saa na dakika), na timezone iwe "Africa/Nairobi". Usitafute Mombasa kwenye orodha ya kanda za saa, haimo. Hata kwa saa tunaifuata Nairobi.

Kwa mwezi mzima lakini, alama kila saa 6 ni nyingi mno. Mwezi uwekee alama kila siku 2 na tarehe tupu. Hizo za saa 6 zihifadhi kwa grafu ya siku tatu nne za bamvua.

kalamu_na_grafu
Mimi ni wa gnuplot, na kazi kama hii naimaliza kwa mistari mitano. set xdata time, kisha set timefmt "%Y-%m-%d %H:%M", kisha set xtics 21600, maana gnuplot huhesabu kwa sekunde na saa 6 ni sekunde 21600. Yako mambo mawili yatakayokuuma. Kwanza, tarehe na saa zikitengwa kwa nafasi huhesabiwa safu mbili, kwa hiyo urefu wa maji uko safu ya 3, si ya 2. Pili, %m ni mwezi na %M ni dakika. Ukizibadilisha hulalamikiwi, unachorewa upuuzi.

Kanda za saa kwa majina, kama "Africa/Nairobi", haizijui. Saa zako 3 utaziongeza kwa mkono, sekunde 10800.

fundi_skripti
Na hapo ndipo inaponishinda. Leo unakumbuka umeongeza 10800, baada ya miezi sita unaongeza tena.

Kuhusu matplotlib: ule ukanda mweusi ni kwa sababu tarehe zako bado ni maandishi. Kila moja inachukuliwa kama jina la kundi, hivyo inaandikwa yote, 2,880. Zipitishe kwanza kwenye to_datetime ya pandas, maktaba ya data ya Python. Halafu jihadhari na huu mtego: HourLocator ndiyo inayopanga alama mahali, DateFormatter ndiyo inayoziandika, na kila moja inataka tz yake. Ukiipa ya pili peke yake, alama za kila saa 6 zitaangukia 03:00, 09:00, 15:00 na 21:00, ukae kujiuliza zimetoka wapi.

Excel nayo haina kosa, ulichagua grafu ya mstari. Mhimili wake wa tarehe hauendi chini ya siku moja. Chagua ya nukta, ya XY, na nafasi kati ya alama iwe 0.25. Kwa Excel siku ni 1, saa 6 ni robo.

mwana_wa_pwani
Nimeelewa. Ila ami hasomi 16:00, anataka saa kumi. Yawezekana?

binti_takwimu
Yawezekana, tena kwa hila ya kuchekesha. Saa ya Kiswahili iko mbele ya saa ya ukutani kwa saa 6. Ongeza zile 3 za UTC, zinakuwa 9. Tokyo iko mbele ya UTC kwa saa 9. Weka timezone "Asia/Tokyo", lebo iwe "%I", ya mzunguko wa saa 12, na bamvua la 16:00 litaandikwa 10.

kalamu_na_grafu
Hahaha, Likoni tunaipeleka Japani! Lakini angalia, tarehe nayo itageuka saa kumi na mbili jioni. Ami atafurahi, ndivyo wazee wanavyohesabu: usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wake. Msimamizi wa chuo hatafurahi.

fundi_skripti
Hila nzuri, ila mtu atakayesoma skripti yako atadhani umelewa. Tumia FuncFormatter ya matplotlib: chukua saa ya Nairobi, jumlisha 6, gawa kwa 12, andika baki, na baki likiwa 0 andika 12. Mstari wa juu 16:00, chini yake "saa 10". Tarehe inabaki usiku wa manane.

mwana_wa_pwani
Nimefuata hii ya matplotlib, lebo za mistari miwili. Msimamizi kaikubali. Ami naye kaipitisha kidole, bamvua lajaa saa kumi na robo, akatikisa kichwa kuafiki. Sasa anataka nimchapishie ya mwezi ujao. Nimemweleza kwamba hii ni ya maji yaliyokwishapita, na bado ananidai.