MJADALA: Kijana wa chuo kwenda kufanya kazi kambi za watoto Marekani, akope aende ama abaki afanye atachimenti?

Wadau hamjambo. Naleta hili hapa tulijadili wazi manake huku kwetu Mombasa limeshagawanya watu. Kuna kina mama wa chama cha kuweka akiba wameombwa wamkopeshe mwenzao hela ili kijana wake wa chuo aende Marekani kufanya kazi ya ukaunsela kwenye kambi ya kiangazi, ile ya watoto wanaolala huko huko, kuanzia Juni mpaka Agosti. Nusu yao wanasema hii ni bahati haiji mara mbili, mtoto aende. Nusu wanasema ni utumwa wa kisasa, mtoto wa watu anaenda kulea watoto wa matajiri usiku na mchana kwa hela ya sabuni.

Mimi hiyo kazi nimeifanya nikiwa chuo, jimbo la Pennsylvania, na msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kunipinga ajue anapinga nini. Aende, ila asikope hata shilingi. Kama njia pekee ni mkopo basi abaki nyumbani afanye atachimenti yake, yale mafunzo ya kazi ya chuo. Kazi yenyewe haina ubaya, deni ndo linaigeuza kuwa mateso.

Kwa wasioijua, kambi hizi ziko porini kando ya ziwa, watoto wanaletwa na wazazi, wanakaa wiki mbili, wiki nne, zingine saba, wanalala kwenye vibanda vya mbao. Kaunsela, yaani mlezi wao, analala nao humo humo. Asubuhi unawaamsha, unawapeleka kula, mnaenda mitumbwi, upinde na mishale, mpira, usiku kuimba kwenye moto, na kabla hawajalala unawakagua kupe kwenye miguu na nyuma ya masikio kwa sababu kule kupe wana ugonjwa wa Lyme na mzazi hatakuelewa. Siku ya mapumziko ni moja kwa wiki, na usiku unapata masaa machache ikiwa si zamu yako. Mtihani wa kuogelea nao usiuchukulie poa, mimi nimekulia bahari ya Hindi lakini lile ziwa la asubuhi lilikuwa baridi mpaka pumzi inakatika.

Nieleze kitu kimoja ndo mjue kazi yenyewe ikoje. Mtoto wa miaka nane, mara ya kwanza kulala mbali na mamake, amekojoa kitandani. Hasemi kitu, amejikunyata tu macho wazi. Unaamka alfajiri wenzake kumi bado wamelala, unamwonyesha kwa ishara aende kuoga, unatoa shuka na mfuko wa kulalia unaufungia ndani ya mfuko wa nguo chafu, unatandika shuka lako la akiba, godoro unaligeuza, na wale wengine wanaamka hakuna aliyejua lolote. Hapo kumi na moja alfajiri ushaanza kazi na hakuna mahali inaandikwa. Mtu akiniambia ile si kazi ni kubadilishana utamaduni tu, simwelewi kabisa.

Sasa sheria. Unaenda kwa viza ya J-1 ambayo msingi wake ni sheria yao ya mwaka 1961 ya kubadilishana elimu na utamaduni. Kanuni za ukaunsela zinataka uwe umefika miaka 18, uwe mwanafunzi wa chuo, mwalimu, mtu wa kazi za vijana ama una ujuzi maalum, uwe unaongea Kiingereza vizuri, na muda wote usizidi miezi minne. Zinasema pia ulipwe sawa na kaunsela Mmarekani. Hapo watu wanafurahi wanasema basi hakuna ubaguzi, na ni kweli, lakini uliza huyo Mmarekani mwenyewe analindwa na nini. Sheria yao ya kazi ya mwaka 1938 ina kifungu kinachoziondoa kambi zisizofunguliwa zaidi ya miezi saba kwa mwaka kwenye kima cha chini cha mshahara cha taifa na kwenye malipo ya ovataimu, zote mbili. Kima chenyewe ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Kwa hiyo ukilipwa kiasi kimoja cha msimu mzima, hata ukiamka mara ngapi usiku, sheria ya taifa haina neno.

Piga hesabu na mimi, namba za mfano lakini haziko mbali na zile mtaziona kwenye mikataba. Dola 1,800 kwa wiki tisa. Siku sita kwa wiki, na tuseme masaa 14 kwa siku ukihesabu tu ule muda uko macho na watoto. Hayo ni masaa 756. Inakuja dola 2.38 kwa saa. Kwa kima cha chini ingekuwa dola 5,481. Chakula na malazi ni bure, hilo lazma lisemwe, lakini malazi yenyewe ndo mahali pa kazi.

Upande wa matumizi sasa. Ada ya viza dola 185, ya SEVIS, ule mfumo wao wa kusajili wanafunzi na wageni wa J, dola 35, hizo zinajulikana. Tiketi weka 1,300, ada ya shirika linalokudhamini weka 500, tushafika dola 2,020, bado cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, bado nauli ya kwenda Nairobi intavyu na kulala huko. Halafu kodi yao ya mapato, manake wewe si mkazi hupati ule msamaha wa kawaida wanaopata wenyewe, asilimia 10 inaanza kwenye dola ya kwanza, hiyo ni 180 imeondoka. Umebaki na 1,620 na ulitumia 2,020. Zipo kambi zinazolipa tiketi ama zinarudisha sehemu, na hapo hesabu inabadilika kabisa, ndo maana nasema swali la kwanza kwenye mkataba ni tiketi nani analipa, kabla hata ya mshahara.

Na hapa ndo penye hoja yangu. Kibanda kimoja, kazi moja, hela sawa, lakini mwenzangu wa Uingereza alikuja na akiba yake ya kazi za wikendi, akimaliza anazunguka New York na Boston anarudi chuo ameburudika. Kijana wetu analala kitanda cha pili akiwaza riba. Anaogopa kusema anaumwa, anaogopa kukataa zamu ya ziada, hawezi hata kununua soda siku ya mapumziko mjini kwa sababu kila dola ina mwenyewe nyumbani. Mkuu wa kambi hajamfanyia lolote baya, pengine ni mtu mwema kabisa. Dawa ya deni ni kulipa, na hii kazi hailipi deni.

Tena hiyo ni kama umeenda. Mwaka 2025, tarehe 27 Mei, balozi za Marekani ziliambiwa zisimamishe kupanga intavyu mpya za viza za wanafunzi na za J, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Juni kwa sharti mwombaji afungue akaunti zake za mitandao zionekane na kila mtu. Juni ndo mwezi kambi zinafanya mafunzo ya wafanyakazi na kupokea watoto. Aliyekuwa hajapata tarehe hapo msimu umempita. Mwaka 2020 nako lilitoka tangazo la rais mwezi Juni la kuzuia watu kuingia, likawataja makaunsela wa kambi kwa jina pamoja na wengine wa J-1. Sasa kama ulikata tiketi kwa hela ya chama, nani anabeba hiyo hasara? Ada ya viza hairudi hata ukinyimwa.

Kuhusu atachimenti sitarefusha. Kwa vyuo vyetu vingi likizo ndefu ya Mei mpaka Agosti ndo ya atachimenti, na usipoifanya unaweza kukwama kuhitimu. Anayesoma ualimu, ustawi wa jamii, utalii, hata uuguzi, aende akaongee na idara kabla, wakati mwingine wanakubali barua ya kambi na wakati mwingine hawataki kusikia. Apate jibu kwa maandishi.

Haya tupeni maoni.

---

Narudi, nimesoma mliyoandika, nijibu yale mazito.

Kuna aliyesema deni si shida, kijana akifika asirudi, atafute kazi mjini, mwaka mmoja chama kimelipwa. Ndugu yangu hapa sitapindisha, huo ni ushauri mbaya na unaumiza watu wengi. Programu ikiisha una siku 30 za kutembea tu, hakuna kufanya kazi, baada ya hapo uko nje ya sheria na chuo umekiacha katikati. Na wadogo zako wanaokuja nyuma ndo wanalipa, manake afisa wa viza pale Gigiri kisheria anaanza kwa kudhani mwombaji hana nia ya kurudi, ni juu ya mwombaji kumwonyesha vingine. Kila anayezamia anamwongezea mwenzake mzigo kwenye lile dirisha.

Mwingine amesema namuonea mwenye kambi, kambi nyingi ni za makanisa na mashirika, hazina hela, zikilipa kima cha chini zitafungwa na watoto maskini wa Marekani watakosa pa kwenda. Hii hoja naiheshimu. Zipo kambi za namna hiyo kweli. Lakini zipo pia ambazo mzazi mmoja analipa zaidi ya dola 10,000 kwa wiki saba, na kile kifungu kinazifunika zote sawa, ya kanisa na ya tajiri. Mimi ningetaka sheria izitenganishe. Kama una watoto mia tatu kwa bei hiyo, huwezi kuniambia huna hela ya kumlipa anayelala nao.

Kuna mama ameuliza, mwanawe kaahidiwa ukaunsela lakini karatasi aliyotumiwa inasema jikoni. Mama, asitie sahihi bado. Kanuni za ukaunsela zinakubali kwamba kila mtu kambini atafanya kazi ndogo ndogo, kufagia kibanda, kupanga meza, lakini zinasema wazi hii programu si ya kuleta wageni wawe wapishi, waosha vyombo ama wafagiaji. Wa jikoni kwa kawaida wanaenda kwa programu nyingine, Summer Work Travel, nayo ni ya wanafunzi wa chuo wa muda wote na ina masharti yake. Aulize shirika linalomdhamini, jina la programu kwenye fomu ya DS-2019, ile shirika linakupa ya kuombea viza ya J-1, ni lipi, na lifanane na kazi iliyo kwenye mkataba. Zikitofautiana hapo pana tatizo na ni bora lijulikane akiwa bado nyumbani.

Aliyeko Texas kwa viza ya F-1, ya mwanafunzi, anauliza kama anaweza kwenda kambi tu kiangazi hiki kwa vile yuko huko tayari. Hapana, si hivi hivi. Kazi nje ya chuo inataka ruhusa, ama CPT, ruhusa ya kazi ambayo lazma iungane na masomo yako na mara nyingi uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo, ama OPT, ruhusa ya mafunzo ya kazi ya fani yako. Ukienda bila ruhusa unaweza kupoteza hadhi yako ya uanafunzi kwa sababu ya wiki nane. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako kabla hujaongea na kambi yoyote.

Watanzania waliouliza, kwenu hali ni ngumu zaidi na inaniuma kusema. Tangu Januari 2026 viza za J kwa raia wa Tanzania zimesimamishwa, na Burundi ilitangulia Juni 2025. Ajenti yeyote anayepokea hela yenu ya kambi sasa hivi, kabla ya kutoa hata mia mwambieni awaonyeshe kwa maandishi viza inapatikanaje.

Na kwa aliyeenda akarudi anauliza mbona alikatwa asilimia 7.65 zaidi ya kodi, hiyo ni ya hifadhi ya jamii na Medicare, bima yao ya afya ya wazee, mtu wa J-1 asiye mkazi hakatwi. Mwandikie mwajiri akurudishie, akikataa kuna fomu 843 ya mamlaka yao ya kodi. Wengi wetu tumeacha hela yetu kule kwa kutojua.

Turudi kwa kina mama wa chama. Ushauri wangu kwenu, kama mnampenda huyo kijana mchangieni, kila mtu atoe anachoweza bila kudai kirudi, na hela isitoke mpaka mkataba usomwe mbele yenu wote: tiketi nani, masaa ya mapumziko mangapi, wakimwachisha katikati ya msimu nani anamrudisha, bima inaanza lini. Mkiona mchango hautoshi basi asubiri mwaka kesho akusanye.

Mlio na mikataba ya msimu huu, wekeni hapa malipo, wiki na jimbo, mfute majina ya watu na ya kambi, tulinganishe.